Miwani ya Matone

Isongole, Ileje
4 Februari 2024

Mama Clever,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Nimefikiria juma zima kabla ya kushika kalamu. Katika ukoo wetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso, hawasemeshani, na mwanamke hamtaji mkwewe jina. Mimi na wewe tumeushika mwiko huo miaka sita bila doa. Kuandikiana sikumbuki kama kulikatazwa. Kama kulikatazwa, nitajibu mwenyewe.

Kikapu ulichonitumia kwa gari la Bashiri kilifika. Priska, binti wa jirani yangu, amenieleza kuwa umekisuka kwa ile mikanda ya plastiki ya kufungia mizigo ambayo watu wanaitupa pale mpakani. Ni kigumu, kuku wamejaribu kukitoboa wakashindwa.

Jambo lenyewe ni la macho. Unajua nina presha ya macho. Jicho la kushoto limeshakwenda. La kulia linaishi kwa dawa, tone moja asubuhi na moja jioni, bila kuruka. Aliyekuwa ananitia ni mama yenu. Nilikuwa nalaza kichwa mapajani pake, ananikemea nisipepese, kazi imekwisha. Tangu atutoke mwezi wa kumi najitia mwenyewe, na kwa mkono huu unaotetemeka, tone moja linaingia na matatu yananywewa na ndevu. Priska angenisaidia, lakini siku nne kwa wiki yuko ng'ambo, Chitipa ya Malawi, akiuza vitenge vyake.

Mwanangu Jofrey kabla hajaondoka na lori kwenda Kongo alining'ang'ania nihamie kwenu Tunduma. Anasema umekubali. Nakushukuru. Lakini nyumba yenu nasikia ina vyumba viwili na korido moja. Mimi nikitoka kwenda chooni wewe utajificha wapi, ndani ya kabati? Na Jofrey akiwa safarini huyo wa kunitia dawa atakuwa nani? Mwambie aache kunisukuma. Nitakaa hapa hapa na jicho langu.

Msalimie mjukuu.

Abrahamu Kibona


Tunduma
15 Februari 2024

Shikamoo Baba,

Barua yako niliisoma nimejifunika kitenge kichwani. Jofrey alikuwa amerudi siku hiyo, akanicheka mpaka akakaa chini. Acha acheke. Sisi Wanyiha wa Nanyala hatuna ukali huo, mkwe tunamwamkia na chakula tunampelekea, kwa hiyo mwiko wenu nimejifunza ukubwani na muda wote naogopa kuukosea.

Habari ya kuhama sitaigusa tena. Nimefikiria habari ya tone.

Kazi yangu ni vitu vilivyotupwa. Jerikeni lililotoboka nalikata linakuwa chungu cha maua. Chupa ya chai iliyovunjika kioo, ganda lake nalifanya kopo la vijiko, nalizungushia uzi wa rangi, wanawake wa upande wa Zambia wanalipenda sana. Nikiokota kitu huwa najiuliza kilikuwa kinashika nini, kwa sababu kitu kilichowahi kushika hakijasahau kazi yake.

Sasa miwani kazi yake ni kukaa usoni bila kushikwa na mtu. Nimechukua miwani ya jua ya dereva mmoja, vioo vimevunjika, fremu nzima. Pale palipokuwa na kioo cha kulia nimegandisha kifuniko cha chupa ya soda, nikakitoboa katikati kwa msumari wa moto, na ndani nikazungushia kipande cha ndala ili kichupa kisicheze. Nyuma nimeshona mpira wa sketi ushike kichwa. Utalala chali, utavaa, utachomeka kichupa kichwa chini, utabinya mara moja. Mkono ukitetemeka, wacha utetemeke, kichupa kimeshikwa na fremu. Ncha haifiki jichoni, nimeacha nafasi ya upana wa kidole. Nilimwonyesha muuguzi wa macho hapa, akasema hakuna ubaya, mradi ncha isiguse jicho.

Nimempima Jofrey kabla hajaondoka tena, kwa kuwa kila mtu anasema ni wewe mtupu. Kwake nilijaribu na maji yaliyochemshwa, matone kumi yote yaliingia.

Nimeandika kwa kalamu nene ili usihangaike.

Mkweo,
Mama Clever


Isongole
3 Machi 2024

Mama Clever,

Miwani imefika salama. Inafanya kazi vizuri sana. Mzee Zabron alinikuta nimeivaa akaniuliza tangu lini nimekuwa fundi wa kuchomelea mageti. Nikamwambia asubiri na yeye macho yaharibike, aone kama ana mkwe wa kumtengenezea. Wakwe zake hata chumvi hawamletei.

Umefanya jambo ambalo watoto wangu wa kuzaa hawakulifikiria. Nimelisema mbele ya watu, kanisani, baada ya matangazo.

Mvua ni nyingi, maharage yanaoza mashambani. Ukipata mtu anayekuja huku, nitumie vichupa viwili vya dawa. Naona siku hizi wanajaza pungufu.

Abrahamu Kibona


Tunduma
12 Machi 2024

Shikamoo Baba,

Vichupa viwili hivyo hapo, Bashiri amevifunga kwenye gazeti.

Nisamehe kwa swali nitakalouliza, mkwe hapaswi kumhoji mkubwa wake. Kichupa kimoja ni cha mwezi mzima. Cha mwisho nilikutumia pamoja na miwani, tarehe kumi na tano. Ulipoandika tarehe tatu kilikuwa kimekwisha. Nimekwenda duka la dawa, tumepima kichupa kipya kwa bomba la sindano, hawajapunguza kitu.

Na kuna jambo jingine. Barua yako ya kwanza mistari yake ilikuwa imenyooka. Hii ya pili inashuka kulia, na neno la mwisho umeliandika juu ya meza, kwenye karatasi limebaki nusu.

Miwani inakufaa kweli, Baba? Kama haikufai niambie, mimi kazi zangu nazifumua kila siku.

Mkweo,
Mama Clever


Isongole
17 Machi 2024

Mama Clever,

Dawa imefika. Miwani inafaa. Meza yangu ina mguu mfupi, ndiyo maana mistari inashuka.

Jofrey asiambiwe mambo ya vichupa, anaendesha gari barabara mbaya, akili yake itulie.

Abrahamu Kibona


Isongole
20 Machi 2024

Dada Recho,

Mambo? Mimi Priska. Mzee hajui kama nakuandikia, na akijua nitakoma, kwa hiyo isome halafu ichane.

Dada, ile miwani yako imegoma. Mzee anaivaa kila asubuhi na kila jioni, analala chali vizuri kama ulivyomwelekeza, anabinya, halafu tone linaangukia pembeni ya pua na kuteleza shavuni. Anabinya tena. Mto wake umelowa dawa. Kuna siku nilirudi mapema kutoka Chitipa nikamkuta amebinya mara saba, nikahesabu nimesimama mlangoni. Hali yenyewe inakwenda vibaya. Juzi alimimina chai nje ya kikombe, akajifanya alikuwa anamwagia siafu. Jana amegonga mwimo wa mlango kwa paji la uso.

Kosa liko kwenye pua. Pua ya mzee imepinda, dada. Alipigwa teke na ng'ombe wa kulimia akiwa kijana, mfupa ukaunga upande. Miwani ikikaa inalala kushoto, na kifuniko chako kinahama na kuacha jicho. Jofrey pua yake ni ya mama yake, imenyooka kama rula. Sisi tumezoea kumwona mzee, wala hatukumbuki kama ana kasoro. Nikashangaa wewe umewezaje kukosea, halafu nikakumbuka kuwa hujawahi kumtazama.

Nilimuuliza kwa nini asikwambie. Akasema, "Nikamwambie mkwe wangu pua yangu ikoje? Nimchoree?" Baadaye akaongeza kwamba umeitengeneza kwa mikono yako, na yeye kanisani ameshasema inafaa.

Fanya kitu.

Priska


Tunduma
24 Machi 2024

Shikamoo Baba,

Nimekosea, na kosa ni langu peke yangu. Nimekutengenezea kitu cha usoni bila kuujua uso wako. Siku ya harusi yangu niliangalia viatu vyako, vyeusi, kimoja kamba yake ilikuwa ya kahawia. Kwenye msiba wa Mama nilikaa nyuma ya jiko siku zote nne nimefunikwa, nikakujua kwa kikohozi tu. Nikaona njia rahisi ni kumpima Jofrey. Mtu wa kazi yangu hapaswi kupima kikombe kwa kutazama sahani.

Usimtafute aliyeniambia. Vichupa ndivyo vilivyosema.

Nimeweka nyuzi tatu za sufu kwenye bahasha. Nyekundu, pima kutoka katikati ya jicho la kulia hadi juu ya pua. Nyeupe, kutoka sikio moja hadi jingine kupitia usoni. Nyeusi, kutoka nyusi hadi pale pua inapoanza kupinda. Kila kipimo kinapoishia funga fundo, unirudishie nyuzi na Bashiri. Siku Priska akiwepo akusaidie.

Baba, naomba usione aibu kwangu. Jicho likienda, hakuna kitu nitakachokiokota mahali popote kikawa jicho.

Mkweo,
Mama Clever


Isongole
7 Aprili 2024

Mama Clever,

Nakurudishia nyuzi zako. Barua hii anaiandika Priska, mimi nasema.

Nimejaribu siku tatu. Fundo nalifunga, kisha nalitafuta kwa vidole silipati, au nalipata limeteleza. Priska alipotaka kunipima yeye nimemkataza. Nimefikiria uzi huo ukitoka usoni kwangu unaingia mkononi mwako, unaukunjua, unaujua uso wangu wote. Sina hakika kama hiyo si kuonana. Sikupata wa kumuuliza. Mchungaji ni Msafwa, mwiko huu kwao haupo, atacheka.

Tuache hapa. Nimeona mengi. Jicho hili moja lilinitosha kumtazama mama yenu mpaka siku yake ya mwisho, na hilo ndilo nililoliombea. Wewe umejitahidi kuliko ninavyostahili, na sina kinyongo na miwani yako. Nimeiweka kabatini pamoja na Biblia.

Mwambie Jofrey taratibu, atakaporudi.

Abrahamu Kibona

(Dada, mimi Priska. Alipomaliza kusema aliniuliza kama nje kuna jua. Ilikuwa saa sita mchana na jua kali.)


Tunduma
10 Aprili 2024

Mdogo wangu Priska,

Nimelia, kisha nikakasirika, na sasa nimeamua. Jumanne ijayo tarehe kumi na sita nakuja Isongole kwa gari la asubuhi. Clever nitamwacha kwa jirani yangu Siti. Mzee mwambie kuna mtu wa zahanati atapita kupima wagonjwa wa macho. Mtu huyo ni mimi.

Sitafungua mdomo. Sema mtu wa zahanati koo limekauka, hawezi kuongea, wewe ndiye utakayemwelekeza ageuke hivi au vile. Nitakuja na waya laini niliotoa kwenye redio mbovu. Ukiukunja juu ya pua unabaki na umbo lile lile, hauhitaji fundo. Nitaulaza juu ya pua, nitaukunja hadi masikioni, nitaondoka. Dakika kumi hazifiki.

Najua ninachokifanya. Nitamtazama mkwe wangu uso kwa uso na nitamshika kwa mikono yangu. Shangazi zake Jofrey wakisikia watataka nirudishwe Nanyala. Hata Jofrey sijui atasema nini, sijamwambia. Naogopa sana. Lakini nikiushika mwiko na yeye akapofuka, nitakaa nao vipi?

Ana jicho bovu, nimejipa moyo kuwa hataona ni nani. Na wewe usije ukacheka.

Recho


Tunduma
28 Aprili 2024

Shikamoo Baba,

Mtu wa zahanati aliyekupima alinifikishia waya wake. Nimetengeneza miwani nyingine, hii hapa.

Fremu hii ni ya chuma, ya bibi mmoja wa mtaa wa Mwaka aliyeitupa baada ya kuikalia. Chuma kinakunjika, nimekikunja kwa kufuata waya. Upande wa kushoto wa pua nimeongeza mto wa ndala mara tatu, upande wa kulia hakuna kitu. Ukiiona mezani utadhani imeharibika, imekaa kombo kabisa, lakini ivae. Kifuniko safari hii ni cha chupa ya mafuta ya kula, kirefu kidogo.

Uanze leo jioni, nakuomba. Mwisho wa mwezi wa tano uende hospitali wakupime presha ya jicho. Jofrey atakuwepo, atakupeleka.

Mkweo,
Mama Clever


Isongole
9 Juni 2024

Mama Clever,

Naandika mwenyewe. Mistari utaiona.

Miwani yako ya kombo inakaa usoni kwangu kama imezaliwa pale. Tone la kwanza tu niliruka kitandani, maana nilikuwa nimesahau dawa inavyowasha ikiingia. Kichupa kimoja kimekwenda siku ishirini na tisa. Jofrey alinipeleka hospitali. Daktari akasema presha imeshuka. Kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki kitabaki nikiendelea hivi. Ukungu umepungua. Naona kikombe, naona mwimo wa mlango, kuku nawatambua mmoja mmoja. Daktari aliishika miwani akaizungusha, akauliza imenunuliwa wapi. Jofrey akamjibu kwamba haiuzwi.

Sasa nataka kusema habari za yule mtu wa zahanati.

Priska aliponiambia amefika, sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesoma ubao. Nikasikia hatua zinaingia uwanjani, kisha zikasimama mbali, pale kwenye ua. Zikakaa pale. Watu wa zahanati nawajua. Wanaingia wakiongea, wananiita babu, wananikamata kidevu kama wanakamata mbuzi. Hawasimami mbali wakisubiri mwenye nyumba ageuke. Hapa kwangu ni mtu mmoja tu duniani anayepaswa kusimama hivyo.

Basi nikafumba macho. Yote mawili, lililokufa na lililo hai. Nikayafumba kabla hujasogea, na sikuyafumbua mpaka niliposikia mlango wa ua umefungwa. Ulipiga magoti mbele yangu, nilisikia changarawe. Vidole vyako vilikuwa vigumu kwenye ncha, na kimoja kina kovu la moto. Vilikuwa vya baridi. Priska alikuwa ananiambia, "Fumbua, mzee, akupime vizuri," nikamwambia mwanga unaniuma. Kwa hiyo sikumwona mtu, wala hakuna aliyenisemesha. Shangazi zake Jofrey wakikuuliza, waambie waje waniulize mimi.

Nikwambie na hili, sitalirudia tena. Siku ile jicho lilikuwa limebakiwa na kidogo sana, na mimi nilijua halifiki mwezi wa sita. Mama yenu alikuwa akiniambia una mwanya, na kwamba ukicheka unaziba mdomo kwa mkono. Nilitamani kufumbua mara moja tu, nikuone kabla giza halijaingia. Hakuna ambaye angejua. Nikalibana mpaka machozi yakatoka, na wewe ukayafuta kwa pindo la kitenge chako, ukidhani waya umeniumiza.

Waya haukuniumiza.

Dawa itafika mpaka tarehe ishirini na tano.

Baba yako